Tetemeka, Lakini Sema

Ukitaka kucheka asubuhi na mapema, pita Gihundwe, nyumbani kwa Maman Joséphine. Yeye na binti yake Chloé huketi uani kuchagua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kabla ya kuwapeleka soko la Kamembe. Mikono ya Chloé huchagua samaki, na mdomo wake huigiza wateja.

"Hii sambaza ni ya kidogo sana!" husema kwa sauti ya mama mmoja mnene mwenye maringo. "Muliivua na chujio ya chai?"

"Eh, Chloé, utaniua na kicheko!" husema mama yake, akijifuta machozi kwa kitenge.

Msichana kama huyo, utadhani hamwogopi mtu. Kumbe wapi!

Mwaka uliopita, kundi la maigizo la pale Kamembe lilitafuta waigizaji wapya. Kundi hilo huigiza sokoni na redioni. Hufundisha watu mambo ya afya, ya shamba na ya ndoa. Chloé alilitamani tangu akiwa shuleni. Siku ya majaribio akasimama mbele ya watu waliokaa mezani. Magoti yakatetemeka. Moyo ukaenda mbio. Mdomo ukakauka, na maneno yote yakapotea. Akatoka nje bila kuaga. Alikimbia akilia njia nzima mpaka nyumbani.

Sasa kundi lilikuwa limetangaza tena. Majaribio yalikuwa Jumamosi. Chloé alijua jambo moja: akishindwa tena, hatakuwa na uso wa kurudi pale. Ataigiza uani tu, mbele ya beseni la sambaza, mpaka azeeke.

Joséphine naye alikuwa ameshapata jibu lake.

"Ile ni roho ya woga," alisema. "Mwaka jana tulifunga siku moja tu, ndiyo maana haikutoka. Sasa tutafunga ya kweli. Hakuna chakula, hakuna maji. Na Ijumaa tutaenda ku mkesha, tuombe mpaka asubuhi."

Familia hii ilitoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kule kanisani kwao ndivyo walivyozoea. Kukiwa na jambo zito, watu hufunga kavu. Nisieleweke vibaya, simcheki mtu anayefunga. Lakini sikilizeni kilichotokea.

Siku ya pili ya mfungo, Chloé alikwenda bombani kuchota maji. Alipoinama kunyanyua dumu, kichwa kikamzunguka. Akakaa chini kwenye matope, na sketi yake safi.

Jirani yao Mukamusoni alikuwa nyuma yake. Watu wote humwita Maman Teta. Ni Mnyarwanda aliyekulia ng'ambo, Uvira, kisha akarudi kwao. Ni muuguzi, na kanisani huimba katika korali.

"Chloé! Uko na nini? Midomo yote imekauka!"

"Niko nafunga, Maman Teta. Juu ya majaribio."

"Na maji?"

"Hata maji."

"Eh, Mungu wangu! Na mwaka jana ulifunga vile vile?"

"Ndiyo. Tulikesha pia. Tuliomba na sauti ya juu mpaka asubuhi, kisha nikaenda kwenye majaribio."

Maman Teta akamwinua, akamkalisha kwenye jiwe.

"Basi ulienda kule bila kulala, bila kula, bila kunywa, na sauti imechoka. Mtoto wangu, hata miye ningekimbia!"

Chloé akacheka kidogo, kisha akaanza kulia. "Niko na roho ya woga. Mbona nikiwa nyumbani sitetemeke?"

"Hapana. Sikiliza vizuri. Kutetemeka si pepo. Si ugonjwa pia. Mwili unaona jambo kubwa linakuja, unajitayarisha. Moyo unasukuma damu kwa nguvu. Mikono inatoa jasho. Mate yanakauka. Hata mchezaji wa mpira anasikia vile mbele ya mechi."

"Nifanye nini ili iishe?"

"Haitaisha yote. Miye naimba mu korali tangu zamani, na nikipewa kuimba peke yangu, magoti bado yanatetemeka. Natetemeka, lakini naimba. Na weye tetemeka, lakini sema."

Kisha akamfundisha kupumua. "Vuta hewa kwa pua, polepole. Sasa itoe kwa mdomo, polepole zaidi, kama unapoza uji wa moto. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Tena. Umesikia moyo?"

"Unapungua mbio," alisema Chloé, na macho yakamtoka kwa mshangao.

Wakaenda pamoja hadi nyumbani. Pale kazi ilikuwa ngumu zaidi. Maman Teta alipokwisha kueleza, Joséphine aliweka beseni chini.

"Unataka kusema maombi yangu ndiyo iliangusha mtoto wangu?"

Sauti yake ilikatika. Chloé aliumia. Hakutaka kabisa mama yake aone aibu, maana mama huyo alikaa na njaa kwa ajili yake.

"Hapana, dada yangu," alisema Maman Teta. "Unamupenda Chloé, bote tunaona. Omba. Hata miye naomba. Lakini koo ikikauka, sauti haitoke. Muntu asipolala, anasahau maneno. Mungu ndiye alitupa hii mwili, na mwili unaomba maji."

Joséphine alikaa chini. Akarudi kuchagua sambaza ambao walikuwa wameshachaguliwa. Chloé akamsogezea beseni.

"Niliahidi mfungo mbele ya Mungu," mama akasema mwishowe. "Siwezi kuvunja."

"Nani alikwambia uvunje?" alisema Maman Teta. "Weye ndiye uliahidi, Chloé hakuahidi."

Joséphine akamtazama binti yake. Akaingia ndani, akatoka na kikombe kikubwa cha uji.

"Nitafunga miye, kwa ajili yake. Weye Chloé, kunywa. Na umalize, usinichezee!"

"Na weye unywe maji," Maman Teta akadakia. "Unabeba beseni kwa jua."

"Hiyo tutaizungumza, Maman Teta. Usishinde yote kwa siku moja!"

Wakacheka wote watatu, na uji ukanyweka.

Tangu siku hiyo Chloé alijifunza kwa njia nyingine. Maman Teta alimwambia kwamba mtu akizoea kusema peke yake, atashtuka akiona macho ya watu. Kwa hiyo alianza mbele ya mama yake. Kisha mbele ya majirani uani. Kisha sokoni, mbele ya wauza sambaza wote. Na wauza sambaza hawana huruma! Kwa ajili ya majaribio alichagua kuigiza mama muuza samaki anayegombana na mvua. Aliposahau, alitaka kurudi mwanzo.

"Hapana, usirudie mwanzo," Maman Teta alimkataza. "Simama. Toa pumzi. Endelea pale unakumbuka. Bantu hawajui maneno yako, hawatajua umeruka nini."

Ijumaa Joséphine alikwenda kwenye mkesha peke yake. Chloé alilala mapema. Asubuhi alikula mkate na ndizi, akanywa maji, akaondoka kwa miguu kwenda Kamembe. Alifika mapema kabla ya wengine. Aliingia ukumbini, akaona meza iko wapi, akasimama pale atakaposimama. Ukumbi ukaacha kuwa mgeni.

Lakini jina lake lilipoitwa, magoti yale yale yakaanza. Kwa muda mfupi aliutazama mlango. Ungemwona ungesema, huyu anakimbia tena! Hakukimbia. Alikanyaga sakafu kwa nyayo zote. Akavuta hewa, akaitoa polepole. Akachagua mtu mmoja wa kumwambia, dada mmoja mezani mwenye uso mpole. Akaanza, na sauti ikitetemeka.

Katikati akasahau. Kimya. Akatoa pumzi. Akaendelea pale alipokumbuka, na sasa sauti ilikuwa imetulia. Alipoikemea mvua kwa kidole juu, dada yule alicheka mpaka akafunika uso.

Mkuu wa kundi, Mzee Védaste, hakucheka. Alimwuliza:

"Pale ulipokaa kimya, ulikuwa unafanya nini?"

Chloé angeweza kudanganya. "Nilisahau, Papa. Nikavuta pumzi, nikarudi."

"Yego, ndiyo hivyo. Sokoni tunaigiza, mbuzi anapita katikati, kipaza sauti kinazima. Natafuta bantu banaojua kurudi. Njoo Jumatatu."

Chloé alikimbia tena njia nzima mpaka nyumbani, ila safari hii hakulia.

Kanisani kwao, anayepata jibu la maombi hutoa ushuhuda mbele ya watu. Jumapili Joséphine aliitwa. Akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, na maneno hayakutoka. Watu walimtazama. Mkono wake ulitetemeka hata kipaza sauti kikagonga kifungo cha blauzi yake, tak, tak, tak. Mama huyu, anayemnyamazisha kila mteja sokoni!

Chloé alikuwa benchi la mbele. Alimtazama mama yake machoni. Akavuta hewa kwa pua, akaitoa kwa mdomo, polepole, ili mama aone. Joséphine akafanya vile vile. Mara ya kwanza, mara ya pili.

"Wapendwa," akasema, "nilifikiri muntu anayetetemeka iko na pepo. Nilimufungisha mtoto wangu maji juu ya ile. Leo angalieni mukono yangu. Niko natetemeka mbele yenu, na Mungu iko hapa hapa pamoja na miye. Mukiona mtoto anatetemeka, musimukemee. Mumupe maji, mumungojee. Atasema."

Akamgeukia binti yake. "Unisamehe, Chloé."

Chloé alisimama mbele ya kanisa zima, magoti yakitetemeka, akajibu kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Nimekusamehe, Maman. Nenda ukunywe maji."