Uso wa Kisyeri

Alhamisi, saa moja asubuhi, Rhobi alitoka nje ya nyumba yake pale Itiryo akakuta uso wa udongo wa marehemu mumewe umekwanguliwa ukutani. Alimpigia simu Dorah.

Dorah alifanya kazi kwenye chama kidogo mjini Tarime, kisicho cha biashara, kilichowasaidia wasanii kupamba kuta za nyumba zao wenyewe, kisha kuwakaribisha watu kutazama bila kiingilio. Nyumba ya Rhobi ilikuwa ifunguliwe Jumamosi. Lakini si hilo lililomliza mama huyu. Kisyeri, mumewe, alifukiwa machimboni bila kuacha picha hata moja. Wanawe walimjua baba yao kwa ule uso wa udongo tu.

"Ni Teresia huyu wa jirani," Rhobi alisema Dorah alipofika. "Tangu mchague ukuta wangu mkaacha wake, hanisalimii."

Dorah aliukagua ukuta kwanza. Ng'ombe wa udongo mweupe walikuwa salama, pembe na yote. Kilichokwanguliwa ni uso na kifua, palipokuwa na udongo mweusi wenye kumetameta.

Teresia alikuwa uani kwake akipepeta ulezi, na kuulizwa tu akawaka.

"Wivu ninao, sikufichi! Hizo ng'ombe zake zina miguu kama stuli. Lakini ningekuwa mimi, ningebomoa nikaacha palepale chini, akiamka aone!"

Dorah alirudi haraka kutazama chini ya ukuta. Peupe. Hapakuwa na bonge hata moja. Mwenye chuki angevunja akaenda zake. Huyu alizoa na kubeba.

"Mama, huu udongo mweusi ulitoka wapi?"

"Ni marudio. Mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, wa duara, lile shimo la Kisyeri. Nikaukanda na mavi ya ng'ombe, ukashika vizuri."

"Nani alijua?"

"Waliobeba. Yeye mwenyewe, na mdogo wake Werema..." Rhobi akageuka kutazama njia ya mtoni.

Wiki ile wanunuzi walikuwa wameingia Itiryo na dawa zao za kutenganisha dhahabu na mchanga, wakisema marudio ya zamani bado yana dhahabu. Wazimu ukawapanda watu. Wengine walichimbua hata sakafu za jikoni zilizokandikwa kwa marudio.

Walimkuta Werema mtoni, ameinamia karai, magunia mawili pembeni. Juu ya maji ya karai yalielea majani yaliyosagika ya samadi.

"Shikamoo, baba," alisema Dorah.

"Marahaba."

"Mchanga wa machimboni hauna samadi. Huu wako umetoka ukutani."

Werema aliliangalia karai, kisha shemeji yake.

"Duara langu limekauka, shemeji. Watoto hawajala. Nilisema Kisyeri angekuwepo angenipa. Nilipofika machoni pake nilikwangua nimefumba macho."

"Umepata?" Rhobi aliuliza.

"Hakuna kitu."

Dorah alimgeukia Rhobi kwa hasira. "Mama, twende kwa mtendaji wa kijiji?"

Rhobi alichota udongo kwenye gunia, akaufinya kiganjani, akatazama kama bado unashika.

"Kwanza nikamwombe Teresia msamaha," alisema. "Wewe Werema, beba magunia. Utakaa mbele yangu kwenye kigoda mpaka Jumamosi, niurudishe ule uso. Pua zenu zilikuwa moja."

Werema alijitwisha gunia la kwanza. Alilia njia nzima, kwa sauti, na Rhobi hakumwambia anyamaze.