Mpangaji Aliyeomba Siku Saba

Kufuli lilikuwa la moto. Martina angesema ni jua, lakini mlango ule ulikuwa kivulini tangu alfajiri.

"Fungua basi," Ahmadi alimhimiza kwa hasira. "Si hakimu amekupa?"

Kweli alimpa. Mwaka ule wa 1966 Martina alikaa miezi mitatu Kiomboi akimuuguza mama yake, na kodi ya chumba chake cha ushonaji pale Singida mjini haikulipwa. Aliporudi alikuta Ahmadi, mwenye nyumba, amevunja mkataba na kufunga mlango, cherehani ikiwa ndani. Martina akaenda mahakamani. Hakimu akaamua kwamba akilipa deni lote na gharama za kesi, arudishiwe chumba chake. Akauza ng'ombe wawili, akalipa.

Akasukuma mlango. Harufu ya damu mbichi na nywele zilizoungua ikampiga usoni. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini ndani mlikuwa na giza zito, na humo gizani cherehani ilikuwa inashona peke yake.

"Nani humo?" alinong'ona.

"Mpangaji," sauti ikajibu kutoka darini. "Nilikuta chumba hakina mtu."

"Mwizi!" Ahmadi alifoka, akaingia na rungu.

Mlango ukajibamiza nyuma yake, na Martina akasikia rungu likivunjika, kisha mfupa, kisha mtu mzima akilia kama mbuzi anayechinjwa, akipigizwa ukuta huu na ukuta ule hadi udongo wa dari ukamwagika barazani, na mlango ulipofunguka Ahmadi alitupwa nje, mkono mmoja umevunjika kiwikoni, mfupa mweupe nje.

Ahmadi alikataa kupelekwa hospitali, na majirani wakamleta Mzee Mohamedi, mganga wa Mtinko. Akaweka chetezo cha ubani kizingitini, akasoma mpaka jasho likamtoka.

"Nitaondoka," jini la darini likasema, safari hii kwa unyonge. "Nipeni siku saba. Nina watoto wachanga."

Maneno kama hayo Martina aliyasema yeye mwenyewe aliporudi kutoka Kiomboi, amepiga magoti mbele ya Ahmadi.

"Chumba ni changu," akasema. "Nimekupa siku saba."

"Hata saa moja sitoi!" Ahmadi alinguruma. Kabla mganga hajamzuia, alikamata chetezo kwa mkono uliobaki mzima, akakirusha ndani na makaa yake yote.

Vilio vilivyotoka mle vilikuwa vya vichanga, vingi, vikipanda juu na kukatika kimoja baada ya kingine, huku Martina akijiziba masikio na kupiga kelele ili asivisikie. Kisha kimya. Giza likayeyuka, chumba kikajaa mwanga.

"Limetoka," Ahmadi akacheka huku akihema. "Mmeona? Limetoka!"

"Mzee," Martina alimnong'oneza mganga. "Limekwenda wapi?"

Mohamedi alikuwa akiitazama shingo ya Ahmadi, ambapo nyama ilikuwa inabonyea polepole, kana kwamba mkono usioonekana unaikaba, kidole kimoja baada ya kingine.