Kiti Kirefu cha Mkufunzi

Mapipa matatu yenye mistari myekundu yalikuwa yamepangwa katikati ya lami, na juu ya pipa la katikati kuna kibao: BARABARA IMEFUNGWA. Mtoto wa chekechea angeelewa. Mkufunzi, ambaye kwa miaka kumi na tisa amefundisha watu udereva katika chumba chenye alama zote za barabarani ukutani, huku akiwagongea meza kwa rula wanaozikosea, alipunguza mwendo, akakisoma kibao chote, akapita pembeni.

Nyuma yake alikaa dada mkubwa wa mke wake, fundi wa makochi, amekumbatia mkoba wake wa kazi. Alimgonga begani akamwuliza kama ameona yale mapipa. Mkufunzi akajibu kwa sauti ileile ya darasani kwamba alama kama zile zimewekwa kwa ajili ya wanafunzi.

Fundi alikuwa anakwenda kupima viti vya hoteli moja upande wa pili wa rasi. Basi la barabara ya bara lingemfikisha kwa saa mbili, amesinzia vizuri tu. Lakini shemeji yake alikuwa amenunua pikipiki kubwa, mke wake amekataa kuipanda (mwanamke mwenye akili, ndiyo maana hayumo katika safari hii), na mtu mwenye pikipiki mpya asiye na wa kumtazama ni jogoo aliyefungiwa stoo. Akambembeleza Fundi siku tatu. Barabara ya pwani, shem, haina malori, haina vumbi, ni wewe na bahari tu.

Hilo la bahari alisema kweli. Walipita kilomita nyingi bila kuona hata baiskeli. Kushoto maji yamekaa kimya kama bati jipya, kulia jabali jekundu, na upepo unaingia kwenye mikono ya shati. Halafu, kwenye kona, lami ikaisha. Kipande kizima cha barabara kilikuwa kimeporomoka. Pengo lenyewe lilitosha kumeza basi likabaki na njaa.

Mtu mwingine angegeuza. Mkufunzi aliangalia chini, akaona maji yamekupwa na mchanga mgumu umezunguka rasi, akatangaza kwamba watashuka kwa njia ya mbuzi, wapite ufukweni, wapandie mbele. Fundi akasema yeye atashuka kwa miguu. Akashuka kwa miguu, na kila alipofika mahali pabaya alimkuta shemeji yake anamsubiri ili aonwe akipita pabaya penyewe.

Sasa inabidi tuseme habari za kile kiti. Mkufunzi si mtu mrefu. Hilo si kosa, Mungu ana vipimo vyake. Lakini picha ya kwanza aliyopigwa juu ya ile pikipiki ilimuudhi, kwa hiyo akampelekea Fundi kiti akitaka kiongezwe sponji, kinyanyuke. Fundi alimwambia miguu itaning'inia. Mkufunzi akamweleza kwamba dereva bora hakanyagi chini. Fundi akashona, kwa sababu kumshonea mtu wa aina hiyo ni kazi ndogo kuliko kubishana naye.

Chini ya rasi, kati ya miamba, dereva bora alisimama apige picha. Pikipiki ikaegemea kulia. Mguu wake ukatafuta ardhi, ukakuta hewa.

Ilianguka taratibu, kama mzee anayekaa kitako. Injini ikambana mguu wa kulia kwenye ufa wa mwamba, ekzosi ya moto ikalala juu ya shavu la mguu, na simu ikaruka ikazama kwenye dimbwi. Mkufunzi alipiga ukelele ambao haujawahi kusikika kwenye darasa lolote.

Fundi alitupa mkoba akashika usukani, akavuta. Akavuta tena. Chuma hakikutikisika. Akachota maji ya dimbwi kwa helmeti, akamwagia ekzosi mpaka ikaacha kuchemka. Kisha akageuka kuangalia bahari.

Mstari wa maji ulikuwa umesogea. Walipokuja ulikuwa mbali kule kwenye mawe meusi. Mawe meusi yalikuwa hayaonekani tena.

"Maji yanajaa," alisema. "Vidole unavisikia?"

"Navisikia. Shem, angalia tangi limekwaruzika wapi."

Fundi alimgeuzia mgongo. Wako watu ambao ukiwajibu unawapa moyo.

Alitafuta ukuni akaupata, gogo jembamba lililotupwa na mawimbi. Akalichomeka chini ya injini akabonyeza. Likavunjika. Wimbi la kwanza likafika kwenye kisigino cha Mkufunzi, likarudi, likaja la pili likapita kiuno. Alikuwa amelala ubavu, kichwa hakiko juu sana kuliko kiuno, na hapo ndipo hesabu ilipomwingia. Akaacha habari za tangi. Akaanza kumwelekeza Fundi: vuta kwa pembe ya digrii arobaini na tano, egemea kwa goti, zingatia uzito. Alikuwa anatetemeka meno, bado anafundisha.

Fundi alifungua mkoba. Mkasi, nyundo, sindano ndefu, roli ya mkanda wa turubai, ule mpana wanaoutandika chini ya kochi ili kikalio kisizame. Mkanda ule hauvutwi kwa mikono, mikono ya mtu haitoshi. Unafungwa, unachomekwa kijiti katikati, unasokotwa mpaka unalia. Ametandika makochi hivyo tangu hajaolewa.

Upande wa magurudumu palikuwa na mwamba umesimama kama kabati. Akauzungusha mkanda kutoka kwenye mwamba hadi usukani ulioinuka hewani, kwenda na kurudi mara nne, akafunga. Akashindilia mawe chini ya tairi zisiteleze. Akachomeka kipande kifupi cha gogo kati ya zile nyuzi nane akaanza kusokota.

Mzunguko wa kwanza, hakuna kitu. Wa tano, mkanda ukanyooka. Maji yalikuwa yamefika kwenye mbavu za Mkufunzi na kila wimbi lilimpiga usoni.

"Haiwezekani kitaalamu," alisema Mkufunzi, akatema chumvi.

"Funga mdomo, unakunywa bahari."

Wa tisa, mkanda ukalia. Wa kumi na moja, pikipiki ikainuka upana wa kidole. Fundi alikuwa amekiegemea kile kijiti kwa kifua, miguu imezama mchangani, viganja vimechunika. Wimbi likamfunika Mkufunzi kichwa kizima. Alipoibuka hakuwa na la kufundisha.

"Dada," alisema. "Dada, usiniache."

Alimwita shem miaka kumi na moja. Fundi akazungusha mara mbili nyingine, akashikilia.

"Vuta mguu. Sasa."

Alivuta. Ulitoka na kiatu kimebaki. Fundi akaachia kijiti, kikafyatuka kikizunguka kama feni, pikipiki ikalala tena pale pale, na safari hii peke yake.

Alimburura kwa kola mpaka kwenye mwamba wa juu. Kifundo kilikuwa kimegeukia kusikotakiwa, na shavu la mguu limebabuka upana wa kiganja. Fundi alirudi majini mara moja tu. Mkufunzi alidhani anafuata pikipiki na macho yake yakang'aa kidogo, aibu hata kusimulia. Fundi alichana kile kiti kwa mkasi, akachomoa sponji aliloshona mwenyewe, akarudi nalo. Akalikamua, akalizungusha kwenye kifundo, akaweka vipande vya gogo pande mbili, akafunga kwa mkanda. Kidonda cha moto alikifunika kwa leso safi bila kukikaza. Wakati anafunga fundo la mwisho alisema, bila kumtazama, kwamba kile kiti alijua hakifai, akakishona tu amwondokee. Hilo lilikuwa lake, na alilibeba mwenyewe.

Mkobani nusu chupa ya maji ndiyo iliyobaki. Walipiga funda mojamoja wakaanza kupanda ile njia ya mbuzi, jua liko utosini. Fundi alitangulia, akawa anamwonyesha: jiwe hili, mzizi ule. Mkufunzi alikataa jiwe la kwanza, akachagua lake, likang'oka akateleza mita nne kwa tumbo. Alikataa la pili pia, kwa sababu mtu habadiliki kwa kuteleza mara moja. Safari hii alisimamishwa na kichaka cha miiba, damu ikimtoka kwenye kidevu.

Tangu hapo alikwenda kwa kuuliza. "Nikanyage wapi?" Hapa. "Halafu?" Pale, shika mzizi kwanza. Iliwachukua sehemu kubwa ya mchana. Kuna mahali Fundi alimbeba mgongoni, na kuna mahali walilala kifudifudi wote wawili, wakihema, maji yameisha na ulimi umekuwa kama kipande cha zulia. Chini yao bahari ilikuwa imejaa kabisa. Hata ule mwamba wa kabati haukuonekana.

Juu, kwenye lami, waliwakuta wapimaji wa barabara, wanaume wawili na pikapu yao, wamekuja kupima lile pengo. Mmoja aliwapa dumu la maji akawaambia wanywe polepole. Mwingine aliitazama ile bandeji ya sponji, akauliza nani daktari, kisha akauliza nani alikuwa anaendesha.

Fundi alisubiri. Alitegemea hadithi ya lori lililowabana, au ng'ombe, au matope.

"Mimi," alisema Mkufunzi. "Nilisoma kibao nikapita. Na huyu dada alinionya."

Wapimaji wakafungua bodi ya nyuma ya pikapu. Mkufunzi alisimama kwa mguu mmoja, ameshika ukingo, anautazama ule mlango mpana ulio chini kuliko kiuno chake, ambao hata mbuzi angepanda akiwa anatafuna. Akageuza shingo.

"Nikanyage wapi, dada?"

"Popote, shemeji," alisema Fundi. "Hilo ni gari."