Gitaa Lililovuliwa Vanishi

Kifuniko cha sufuria kiliteleza kwenye rafu, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kikazunguka kama vifuniko vinavyozunguka, kisha kikatulia. Hakikutoa sauti yoyote.

Fundi alikitazama pale chini, akatia kidole sikioni, akatikisa. "Haya," akajisemea moyoni, "na hili la pili ndiyo basi tena."

Alikuwa anazungumzia masikio. La kushoto lilikwishakufa zamani, kwa miaka ya kukaa mbele ya maspika akijaribu magitaa ya watu. La kulia ndilo lililokuwa likimweka mjini, na siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Fundi wa magitaa kiziwi, jamani! Nani angemletea kazi? Kwa hiyo alikuwa na mbinu zake. Mteja akiongea, alimtazama midomo, akatikisa kichwa, akasema, "Sawa kabisa." Kuna bwana mmoja aliyekuja kumweleza kwamba amefiwa na mjomba wake, naye akamjibu sawa kabisa. Bwana huyo hamsalimii mpaka leo.

Lakini mbinu yake kubwa ilikuwa meno. Gitaa la besi lina ubao mzito wenye pembe mbili, na sauti hutembea kwenye mti kabla haijafika kwenye waya. Fundi aliweka kitambaa safi juu ya pembe ya juu, akaiuma taratibu, akapiga uzi mmoja. Sauti ilipanda kwenye meno, ikapita kwenye taya, ikamjaa kichwani bila kuyasumbua masikio. Hivyo ndivyo alivyojua lehemu iliyoachia, uzi unaokwaruza, shingo iliyopinda kidogo tu. Watu walisema ana masikio ya popo. Yeye akawaacha waseme.

Siku moja kabla ya kifuniko kuanguka, mezani kulikuwa na gitaa la besi la mjane mmoja. Marehemu mumewe alilipiga miaka mingi kwenye bendi, na sasa mpwa wake alitaka kulirithi. Lilikuwa limepakwa vanishi nyeusi, nene kama lami, iliyopasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu.

"Badilisha nyuzi, lehemu hizo waya, hicho kitufe kinachokoroma kitupe," mjane alikuwa amemwambia. "Ila hiyo vanishi usiiguse. Marehemu alikataza. Sema umesikia."

"Nimesikia, mama."

Na kweli alisikia. Alisikia neno kwa neno, kwa sikio lile zima, kwa hiyo hapo hana pa kujitetea.

Ila mafundi ndugu zangu mnawajua. Alipomaliza waya, akauma ubao na kupiga uzi mnene, akapata sauti ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi gubigubi. Vanishi inamkaba huyu, akawaza. Mti mzuri hivi, halafu umezibwa pumzi! Mkono ukaanza kumwasha. Nitamvua, nitampaka nyembamba, mjane mwenyewe atanishukuru. Akachukua msasa.

Tabaka la kwanza lilipotoka, chumba kilijaa harufu ya nywele zilizoungua. Vumbi lake halikupeperuka. Lilikuwa na unyevu, likamganda vidoleni, na akijaribu kulipangusa lilizidi kuenea. Chini yake mti ulikuwa mwekundu, na ulikuwa na joto kama kifua cha mtu mwenye homa. Fundi akasema ni msuguano wa msasa. Akauma, akapiga uzi, na sauti iliyomjia ilikuwa tamu mpaka machozi yakamlengalenga. Uzi ulipokuwa ukifa, alisikia ndani ya mti pumzi ikivutwa. Akadhani ni yake.

Kesho yake ndipo kifuniko kikaanguka kimyakimya.

Mkewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake aliyejifungua, na shule zilikuwa zimefungwa, hivyo nyumbani alibaki fundi na binti yao wa darasa la pili. Mtoto huyo walimwita Kasuku. Alikuwa akiongea akila, akiongea akiogeshwa, na hata usingizini alikuwa na la kusema. Mama yake alikuwa akitania kwamba siku wakihama, majirani watafanya sherehe.

Baada ya kifuniko likafuata bomba la jikoni, ambalo siku zote lilidondoka tone tone. Matone yaliendelea kuanguka, ila mlio ukapotea. Ikafuata saa ya ukutani, kisha bawaba ya mlango wa chumba cha kazi. Kila kilipopotea kimoja, fundi alizidi kusinyaa. Alifunga mlango wa mbele ili asije mteja akamfumania, hakukanyaga nje, akajikunyata na kazi yake. Faraja ilikuwa moja tu: gitaa lilizidi kunoga siku hadi siku. "Masikio yanakufa, meno yanafufuka," akajiambia. Ndani ya uzi mwembamba sasa kulikuwa na kitu kidogo kinachodondoka, tone, tone, tone, na yeye akakipenda, akasema ni uhai wa mti.

Kasuku alikuja akasimama upande wake wa kushoto, akaongea kwa muda mrefu. Fundi alikuwa na brashi mkononi, anapaka vanishi mpya.

"Sawa kabisa, mwanangu," akasema.

Mtoto akamvuta shati, akaonyesha bomba.

"Baba ataliangalia. Nenda kacheze."

Kasuku akamtazama. Akalitazama gitaa. Akaondoka akitembea kinyumenyume.

Jioni, walipokaa kula, mdomo wa mtoto ulikuwa unakwenda na fundi hasikii hata herufi moja. Wateja wampotee, bendi zimpotee, yote angeyavumilia, lakini sauti ya mwanawe? Akajikaza asilie mbele yake. Alitikisa kichwa pale alipodhani ameulizwa jambo, akacheka pale alipodhani kuna kichekesho, na mtoto alipoanza kumwaga machozi, mdomo wazi, shingo imetoka mishipa, fundi akamfuta uso na kumwambia, "Sawa kabisa, mama anarudi karibuni," kisha akaenda chooni akajifungia na kulia mwenyewe.

Mchana uliofuata aliona kivuli dirishani: mkewe, na begi lake, getini. Akatoka kumpokea. Alipovuka kizingiti tu, dunia ikamlipukia sikioni. Pikipiki ilikuwa inapita. Redio ya jirani ilikuwa inasoma habari. Mahali fulani mtu alikuwa anagonga misumari, ko, ko, ko.

"Baba Kasuku, mbona umekonda hivyo?" mkewe akauliza, na fundi akamsikia kama alivyomsikia siku ya kwanza kuonana naye.

Fundi akageuka kuutazama mlango wa nyumba. Kwa sababu kama sikio lilikuwa zima, jamani, kama sikio lilikuwa zima siku zote hizi, basi kifuniko kilianguka kweli bila mlio, na bomba lilinyamaza kweli, na saa ilinyamaza kweli, na yule mtoto aliyekuwa akifungua mdomo mbele yake mezani huku machozi yanamchuruzika, na yeye akimchekea...

Mkewe alikwishaingia. Viatu vyake vilikuwa vinagonga njia yote, lakini vilipogusa sakafu ya ndani vikanyamaza.

"Kasuku!" akaita. Sauti yake ilitoka nyembamba, kama inanyonywa. Mtoto alikuja mbio, akamkumbatia, akafungua mdomo. Mama akainama, akasubiri. Akamshika mashavu. "Sema, mwanangu. Sema basi." Kisha akageuka, uso umempauka. "Mtoto hana sauti! Tangu lini?"

"Nilidhani..." Fundi alishindwa kumtazama. "Nilidhani ni masikio yangu."

Kule chumba cha kazi, gitaa lililolala mezani bila kuguswa na mtu lilikuwa likitetemeka nyuzi zote.

Mjane alipoelezwa hakugomba. Alikaa kitako, akashika kichwa. "Ile vanishi haikuwa ya urembo," akasema. "Ulikuwa mlango." Jioni hiyohiyo alikuja na mganga aliyeipika. Msitegemee mzee wa ndevu nyeupe. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi, na zote mbili alizizima kabla ya kuingia.

"Ongeeni kwa kunong'ona," akasema. "Kila neno mnalolitupa humu linaokotwa." Akaunusa ubao, akakunja uso. "Jini huyu hana haja na damu wala ubani. Anakula sauti. Marehemu alikuwa akimlisha. Jukwaani watu walikuwa wanazimia kwa utamu wa ile besi..."

"Na mimi nyumbani sauti ilikuwa imebaki mnong'ono usiofika kwa jirani," mjane akamalizia, macho chini. "Ndipo marehemu akaingiwa na huruma, akamfungia jini ndani ya mti."

"Anatolewaje?" Mama Kasuku alikuwa amempakata binti yake kwa nguvu kama kuna mtu anamvuta.

"Alivyoingia. Mumeo alimsikiliza kwa mfupa, amtoe kwa mfupa. Auume ubao, apige uzi mmoja mmoja. Vyote vilivyoliwa vitapita kichwani mwake virudi chumbani. Halafu mwenyewe atafuata." Akamgeukia fundi. "Akipita, ataondoka na sikio lililobaki. Haondoki mikono mitupu. Ukikataa, mtoto anabaki hivyo."

"Achukue," fundi akasema, hata kabla ya mganga kufunga mdomo. Mkewe akamshika bega. Alikuwa analia.

"Sharti ni moja. Ule uzi mnene, wa mwisho, usiachie meno mpaka sauti yake ife kabisa. Wewe fundi, unajua inavyochelewa kufa."

"Najua."

Wakafunga madirisha. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imerudi, sasa nzito, inakaa kwenye ulimi. Fundi hakuweka kitambaa. Aliuma mti wenyewe, ukawa na joto la mwili na ladha ya chumvi. Akapiga uzi mwembamba, na bomba la jikoni likaanza kulia tone, tone, tone. Akapiga wa pili, saa ikaamka ukutani. Akapiga wa tatu, kukatokea kishindo cha kifuniko cha sufuria kikizunguka sakafuni, ingawa kifuniko kilikuwa rafuni kimetulia, na mjane akaruka.

Akapiga uzi mnene.

Sauti iliyopanda kwenye meno yake haikuwa ya gitaa wala ya jini, ilikuwa ya Kasuku, na haikuja na neno moja bali na yote, kila alilolitamka siku zile akiwa upande wa kushoto na akiwa mezani na akiwa peke yake kitandani, baba bomba linatoka maji ila halilii, baba kuna mtu anahema kwenye gitaa, baba linajua jina langu, baba mbona unasema sawa kabisa, baba sauti yangu inaisha, baba usiende kulipiga tena, baba naogopa, baba niangalie mdomo, baba, baba, na nyuma ya maneno hayo kitu kizito kilikuwa kinapanda taratibu kwenye mfupa, kinavuta pumzi, kinamkaribia, naye anauma mti mpaka fizi zinatoka damu.

"Baba!"

Hiyo haikutoka kwenye mti. Ilitoka chumbani, nyuma yake, mbichi, yenye kwikwi, na ikaingia kwenye sikio lake la kulia. Mzazi gani asingegeuka? Fundi aliachia meno, akainua kichwa.

Uzi mnene ulikuwa bado unatetemeka.

Aliona Kasuku akimkimbilia na mdomo wazi, mkewe akipiga magoti, na kisha kimya kikamshukia kizima. Mganga alikuwa akiutazama ule uzi mpaka ulipotulia. Midomo yake ilisema kitu kifupi. Akalifunga gitaa kwenye shuka, akamvuta mjane mkono, akaondoka bila kuaga.

Maisha yakaendelea. Mama Kasuku ndiye sasa anayezungumza na wateja, fundi anauma mbao nyuma ya pazia, na kazi zinatoka. Kasuku amerudia maneno yake hadi majirani wamelalamika, na mama yake kila akilalamikiwa anashukuru. Fundi huwatazama wakicheka. Amelipa, na haoni amelipa sana.

Jioni moja mtoto alimpanda mapajani. Alikuwa amefikiri jambo, kwa kuwa ni mtoto mwerevu na anaijua kazi ya baba yake. Akaweka paji lake la uso kwenye taya la fundi, akaligandamiza vizuri, mfupa kwa mfupa, akasema kitu.

Na fundi akamsikia! Baada ya kimya chote kile, akamsikia mwanawe. "Baba, sasa unanisikia?" Moyo ukamjaa, mikono ikamkumbatia yenyewe.

Kisha, kwa chini, ikichelewa kidogo, nene na taratibu, sauti nyingine ikamaliza kuyasema maneno yaleyale. Ikanyamaza. Ikavuta pumzi.

Kasuku aliinua uso akitabasamu, akisubiri jibu.

"Sawa kabisa, mwanangu," fundi akasema, akitikisa kichwa.

Pale jikoni mkewe alikuwa akikoroga sufuria. Kifuniko kilimponyoka, kikaanguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia. Alikitazama pale chini kwa muda. Kisha akatia kidole sikioni, akatikisa.