Dakika Kumi na Moja za Hellen

Anayekwambia jini lazima lije usiku wa manane, na kwato za punda chini ya baibui, mwache aseme. Huyo hajawahi kufungua steshenari asubuhi wanafunzi wakiwa wamejaa mlangoni. La Teodora lilikuja saa moja na nusu asubuhi, jua limeshatoka, na lilianza na jambo dogo la kijinga: laptop ilikuwa inachelewa kuamka.

Haikuwa imekufa. Ukifunua kifuniko, taa ndogo ya pembeni iliwaka na feni ikavuma, ila kioo kilibaki cheusi. Dakika tatu. Wiki iliyofuata, tano. Na Teodora, mzaliwa wa Bujora, hakuumbwa kusubiri. Duka lake lilikuwa Nyegezi, karibu na stendi ya mabasi, na wanafunzi wa chuo walimletea ripoti za kuprinti dakika za mwisho, kama kawaida yao.

"Amka, mpumbavu wewe!" aliipiga kofi ubavuni. "Nitakuuza kwa wa vyuma chakavu!"

Wanafunzi wakacheka. Mumewe, Venant, hakucheka.

"Usiitukane, Mama Hellen," alisema kwa sauti ya chini. "Subiri tu. Itaamka."

"Kwani ni mama mkwe?"

Venant ndiye aliyeileta miezi miwili nyuma, alipokwenda kusalimia kwao Nansio. Aliitengeneza mwenyewe, na pale panapotakiwa jina la mtumiaji akaandika HELLEN, jina la binti yao wa miaka saba. Teodora hakuona ajabu. Bango la duka lilikuwa na jina la Hellen, na wao wenyewe mtaa mzima uliwaita Baba Hellen na Mama Hellen. Tena tangu siku ile wateja walimiminika. Watu walipita steshenari nne zisizo na foleni waje kubanana kwake.

Alijaribu yote anayoyajua. Alifuta programu zinazojiwasha zenyewe, akabadilisha chaja, akawa anaizima kabisa jioni badala ya kuiacha imelala. Wapi! Dakika saba, kisha tisa. Halafu matundu ya feni yakaanza kutoa harufu ya magugu ya ziwani yaliyooza, kali mpaka wateja wakaziba pua.

Siku hizohizo Hellen naye akaanza kuchelewa kuamka.

Teodora alimwita, akamtikisa, akamvuta sikio, akamnyunyizia maji usoni. Mtoto alipumua vizuri, macho yamefumba. Zahanati walipima malaria, hakuna. Siku ya nne Teodora alitazama saa ya simu: dakika kumi na moja kamili ndipo Hellen akafumbua macho.

"Unanifanyia makusudi?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nimeshaamka. Nilikuwa nakusikia unaniita." Mtoto akashusha sauti. "Ila kuna mtu alitangulia ndani. Akaniambia nisubiri amalize."

"Mtu gani?"

"Simjui. Mikono yake ina maji."

Teodora alimpeleka mtoto shule, akarudi dukani, akaichukua ile laptop bila kumuaga mume na kuipeleka mjini kwa Aftab. Aftab alikuwa fundi mtaratibu, ambaye babu yake alitengeneza redio na baba yake televisheni, palepale kwenye chumba kimoja. Alifunua kifuniko. Kioo kikabaki cheusi, wakakaa wanasubiri, na nje pikipiki zikipiga honi na mwanamke akinadi ndizi, mle ndani harufu ya magugu ikapanda taratibu, kisha herufi kwenye kibodi zikaanza kubonyea moja baada ya nyingine, polepole, bila kidole juu yake, na kila moja iliyoinuka ikaacha tone la maji, mpaka Aftab akarudisha kiti chake nyuma kikagonga ukuta.

Kioo kilipowaka, alipekua kumbukumbu za mashine.

"Mama Hellen, hii haichelewi kuamka."

"Unanitania, Aftab?"

"Tazama. Inaamka sekunde ileile unapofungua. Kinachochelewa ni kioo. Kioo kinazuiwa." Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi kuwa mnong'ono. "Kuna mtu anaitumia kwanza, gizani. Akimaliza ndipo anakuachia wewe. Leo, jana, juzi, dakika kumi na moja. Jina lake limeandikwa hapa, Hellen. Si jina la mwanao hili?"

Teodora alifunga kifuniko. Aliibeba mashine kifuani, akapanda bodaboda, na njia nzima mpaka Nyegezi meno yake yalikuwa yameumana.

Aliwafukuza wateja wote, akafunga mlango, akaiweka laptop mezani kwa kishindo.

"Nani alikupa kitu hiki, Venant?"

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Hellen azaliwe. Venant akatazama sakafu.

"Mtaalamu mmoja, kule Nansio. Alisema ni jini la ziwani, pole, linaleta wateja tu. Linataka jina la mtu wa nyumbani ili lifanye kazi kupitia kwake."

"Ukalipa jina la mwanangu."

"Alisema mtoto hatadhurika. Atachoka kidogo."

"Mbona hukuandika lako?"

"Ningelala mimi, nani angewatunza?"

Loo! Kuna maneno mwanaume akishayasema, hata Mungu anamtazama mara mbili. Hasira ilimpanda Teodora kutoka nyayoni. Aliinyanyua mashine aipasue sakafuni.

"Usiivunje!" Venant alimdaka mikono. "Ukiivunja na jina lake limo, habaki hata wa kuamshwa. Niliambiwa hilo."

"Basi lifute. Sasa hivi."

Venant akafunua kifuniko. Kioo cheusi. Dakika kumi na moja zikapita, kioo kikabaki cheusi. Ya kumi na mbili simu ya Teodora ikaita. Alikuwa mwalimu Rebeka wa shuleni kwa Hellen, na alikuwa anahema.

"Mama Hellen, njoo upesi. Mtoto amelalia dawati, tunamwita haitiki. Na mikono yake imelowa, mama, sijui maji yametoka wapi."

"Mwiteni! Msiache kumwita!"

Kwenye simu darasa zima likawa linaita, watoto hamsini kwa pamoja, Hellen, Hellen, na mle dukani herufi zikibonyea zenyewe, haraka sasa, kama mtu aliyeambiwa muda umekwisha, maji yakatiririka kutoka kwenye kibodi mpaka kwenye karatasi, harufu ikawa nzito ya kutapisha, na Teodora akasimama na simu sikioni, anasikia jina la mwanawe likiitwa na haliitikiwi, dakika ya ishirini, ya ishirini na tano, hata alipotaka kusali hakukumbuka neno moja la sala.

Kioo kikawaka. Venant alirukia pale penye jina, akafuta HELLEN. Mashine ikakataa: jina haliwezi kuachwa wazi.

"Andika lako," Teodora alisema.

"Mama Hellen, tuelewane..."

"Andika lako, mwanaharamu, au nakuua kwa mikono yangu!"

Venant akainama. Teodora alimpa mgongo, simu ameibana sikioni, akasikia nyuma yake vidole vikigonga.

"Tayari," Venant alisema.

"Ameamka!" mwalimu Rebeka alilia kwenye simu. "Ameamka, anaomba maji ya kunywa!"

Teodora alitoka mbio bila kutazama kioo. Shuleni alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika kuwa anabanwa. Usiku ule alilala naye kitanda kimoja, mkono wake juu ya kifua cha mtoto.

Asubuhi alisikia Hellen akimwita. "Mama. Mama, amka, nachelewa." Alisikia jogoo wa jirani, akasikia sufuria jikoni. Akataka kujibu na mdomo haukufunguka. Akataka kufumbua macho, yakakataa.

"Subiri," sauti ya upole ilimwambia kutoka ndani yake mwenyewe, na kitu chenye maji kikamshika mikono. "Nimalize."

"Baba, mama haamki!"

"Mwache apumzike, mwanangu," Venant alijibu kutoka jikoni, ametulia kabisa. "Siku hizi mama atakuwa anachelewa kidogo kuamka."

Siku hizi! Hapo ndipo Teodora alipojua ni jina gani mumewe aliloandika. Na mtu mwingine angelia, lakini hasira yote aliyoimeza jana ikafumuka mle gizani, akaligeukia lile jini bila kujali lina sura gani, akaanza kulifokea kuliko alivyowahi kufokea mashine au mwanaume, kwamba lisidhani limekuta mtoto wa kuambiwa subiri, kwamba limepewa jina na mwoga asiye na haki ya kuligawa, na kama linataka jina la mwenye nyumba basi litege sikio, Venant mwana wa Nestory, wa Nansio, baba wa Hellen, aliyekwenda kukuchukua kwa miguu yake na kukuleta kwa mikono yake, mchukue, ni wako, Venant mwana wa Nestory, Venant, Venant, na akalirudia jina hilo mpaka ile mikono yenye maji ikalegea, ikasita, ikamwachia.

Jikoni kikombe kikaanguka kwenye saruji. Kikafuata kitu kizito.

"Baba?" Hellen aliita. "Baba, usilale hapo."

Teodora akafumbua macho.

Alinawa uso. Jikoni Venant alikuwa chali, anapumua vizuri, mikono imelowa hadi viwikoni. Teodora alimruka, akachukua mkoba wa mtoto, akamfunga viatu, wakatoka. Walitembea polepole, jua likiwapiga mgongoni.

"Mama," Hellen aliuliza, "baba haamshwi?"

"Tutamwita jioni," Teodora alisema. "Tukikumbuka."