Daftari la Hortense

Daftari la Hortense halikuwepo mezani.

Nakhisa alipekua tena. Halipo.

Kwa miezi miwili jasusi huyu alijifanya mwalimu wa Kiingereza wa wakimbizi wa Kongo, katika ukumbi wa kanisa pale Kisugu. Kazi yake hasa ilikuwa kumlinda Hortense. Kaka wa binti huyo, Zéphyrin, aliwaona walanguzi wa silaha kwa macho yake, na kesho angewataja mahakamani.

Somo la mchana huo lilikuwa kivumishi "safe". Aliwafundisha vizuri tu: chakula kisichodhuru ni "safe", daraja lisilobomoka ni "safe", na mtu aliyetoka vitani akafika, naye pia. Kisha, kama kawaida ya darasa lake, kila mmoja akatunga sentensi, akampa jirani amsahihishie.

"Hortense, uliandika nini?"

"Kaka yangu ni safe Katwe, kwa mafundi wa masigiri, majiko yale ya mkaa." Binti aliinamisha uso. "Ulisema tuandike mambo ya kweli, mwalimu."

"Nani alisahihisha?"

"Dady, jirani yangu hapa. Alitoka nalo, hajarudi."

Mjinga mimi, Nakhisa alijiambia. Mjinga kabisa.

Pikipiki yake ya Yamaha iliteremka Kisugu kwa fujo. Redio ya Motorola ikakoroma alipomwita msaidizi wake.

"Cleopas, Dady ni mtu wao. Yuko njiani kwa Zéphyrin."

"Niko mbali, afande. Dakika ishirini."

"Basi utakuja kuokota maiti."

Katwe nyundo zilikuwa zikigonga bati kila upande. Dady alikuwa akipenya kati ya majiko ya mkaa, daftari mfuko wa nyuma, mkono ndani ya koti. Mbele yake Zéphyrin alichuchumaa akikata bati, mgongo wazi.

Dady alichomoa bastola.

Makarov ya Nakhisa ililia mara mbili. Dady akaangukia majiko. Katika kelele zile, fundi mmoja tu ndiye aliyegeuka.

"Inuka, tunahama," Nakhisa alimwambia Zéphyrin.

"Na dada yangu?"

"Hatajua ulipo. Usimpigie tena simu."

Jioni alirudi Kisugu na daftari.

"Kaka yangu iko wapi, mwalimu?"

"Yuko hai."

Dady alikuwa amepigia mstari neno Katwe, kwa rula, kama mwanafunzi mwema. Nakhisa akauchana ukurasa.

"Andika upya. Usitaje mahali."

Hortense alilia, lakini aliandika. Maneno manne tu: "Kaka yangu ni safe."

Nakhisa akaweka alama ya vema, akavaa helmeti, akaondoka.