Zamu ya Truphosa Kufua Zulia

Zulia la kanisa lilifuliwa kila Septemba, na mwaka ule wa 2009 zamu ilimwangukia Truphosa. Hakulalamika. Alikuwa akiingoja kwa hamu nafasi ya kuwaonyesha akina mama wa kanisa lao la ughaibuni, mtaani Rågsved, jinsi zulia linavyofuliwa, maana mwaka uliotangulia wenzao Warundi walilichovya tu majini kama mtu anayesuuza kikombe, kisha wakapiga picha.

Jua lilikuwa linazama alipoliburuta hadi kwenye gati la mbao kule Farsta, kando ya ziwa Magelungen, mahali wenyeji wanapofulia mazulia yao. Alikuwa na brashi mbili na bintiye Adhiambo, wa miaka kumi na sita, mwimbaji kiongozi wa kwaya. Mwishoni mwa gati mzee Gwilym, mume wa Emérithe, mmoja wa wale Warundi, alikuwa akikunja mishipi yake. Alikuwa Mzungu wa Wales aliyefundisha Kigoma miaka mingi, akaondoka huko na Kiswahili safi na mke. Truphosa alimdharau kwa yote mawili.

"Mama Adhiambo," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Fueni, lakini msiimbe."

"Kwani kuna sheria?"

"Kuna kitu humu majini. Kwetu anaitwa afanc. Anavutwa na sauti ya msichana. Anatoka, anamlalia mapajani, anasinzia. Zamani walimfunga minyororo akiwa hivyo, wakamvuta kwa maksai hadi ziwa la milimani. Lakini alipoamka, kabla hawajamtoa kwa yule msichana..."

Akarudi kukunja mishipi.

"Na hapa amefikaje?"

"Sijui. Wewe umefikaje?"

Truphosa alicheka kwa pua. Yeye, mzaliwa wa Homa Bay, aliyeteka maji viboko wakimtazama, leo atishwe na dimbwi la Wazungu lenye bata na bango la kukataza mbwa? Watu wa kuogopa vitu vya majini aliwaweka kapu moja na wavaa hirizi.

"Adhiambo, imba," alisema. "Kazi bila wimbo inachosha."

"Mamma, jag fryser," mtoto alijibu kwa Kiswidi, akijikunyata kwa baridi.

"Ukiimba utapata joto."

Adhiambo akaketi ukingoni, akavuta pembe ya zulia mapajani, akaanza wimbo wa kwaya. Sauti yake ilikuwa nzuri kweli. Hata mamake, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliipenda.

Bata wakanyamaza.

Kisha ikaja harufu... tope la miaka na manyoya mabichi. Mbao za gati zikalia, kwii... kwii... kana kwamba mtu mnene anapanda kutoka chini. Truphosa alidhani ni mzee anaondoka, akafurahi. Aliendelea kusugua.

Alipogeuka, kichwa kilikuwa tayari mapajani mwa mwanawe.

Kilikuwa kipana kama cha ndama, cheusi, kinachuruzika maji. Meno ya mbele yalikuwa marefu, ya manjano. Mwili ulibaki ziwani na mwisho wake haukuonekana. Mkono mmoja wenye makucha ulikuwa umelishika paja la msichana taratibu, kama mtoto anavyoshika kanga ya mamake. Adhiambo alikuwa bado anaimba, machozi yakimtiririka. Macho ya yule mnyama yalikuwa yanafumba.

"Usimguse," Gwilym alinong'ona. "Akilala fofofo tutamtoa mtoto polepole... Kimya tu, nakusihi."

Aliombwa kitu kimoja tu, kunyamaza. Lakini Truphosa alikuwa kiongozi wa maombi. Alikuwa amekemea mapepo kwenye chumba cha chini ya ardhi walimosalia mpaka majirani wakaita polisi. Kunyamaza mbele ya shetani aliona ni mambo ya Walutheri.

Akanyoosha mkono, akapaza sauti yake yote.

"Toka kwa jina la Yesu. Nakukemea. Toka."

Macho yakafumbuka.

Makucha yakazama kwenye nyama. Adhiambo akapiga yowe moja, akavutwa majini pamoja na zulia. Mzee akamdaka kwapani. Truphosa akakemea kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyokemea ndivyo mtoto alivyozidi kuzama. Maji yalipomfika kidevuni, Adhiambo mwenyewe akauanza tena ule wimbo, kwa sauti nyembamba, akitetemeka. Mvuto ukalegea. Gwilym akamtoa.

Hospitalini walimshona paja, wakaandika kwamba ameumwa na mbwa. Truphosa aliikumbatia habari hiyo. Mbwa, aliwaambia wote waliompigia simu, mbwa wa Wazungu wasiojua kufuga. Gwilym naye alipiga mara tatu, kuuliza jambo moja tu: mtoto bado anaimba? Truphosa alimkatia simu. Wazee wengine hawajui kuaibika.

Ni kweli mtoto alikuwa bado anaimba. Aliimba akishonwa, akaimba kwenye teksi, akaimba usiku kucha wimbo ule ule. Daktari alisema ni mshtuko, utapita.

Kesho yake jioni Truphosa aliingia chumbani na kikombe cha uji.

"Imetosha sasa, mama. Pumzisha koo. Mambo yameisha."

Adhiambo akatikisa kichwa. Katikati ya ubeti akavuta pumzi, akanong'ona:

"Nikinyamaza, ataamka."

Truphosa alitaka kucheka kwa pua. Ndipo alipoliona blanketi. Juu ya mapaja ya mtoto lilikuwa limelowa chepechepe. Lilikuwa limebonyea katikati, mbonyeo mpana, na ule mbonyeo ulikuwa ukipanda na kushuka... taratibu... kama kitu kinachopumua.

Kukemea kulimpanda kooni kwa mazoea. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, uji ukamwagika miguuni, ukamuunguza, naye hakutoa sauti. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Truphosa aliogopa.

Adhiambo alirudia ubeti wa kwanza. Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka.